Alama Tisa kwa Chai ya Nanasi

Majani hakuwa mwanamke wa kubembelezwa kwa sifa za bure, na kila aliyemfahamu alilijua hilo. Kwenye ghala la kufungasha chai alikofanya kazi, yeye ndiye aliyekuwa mwonjaji mkuu. Gunia halikupakiwa kwenye lori mpaka awe amechota kijiko, amefyonza kwa ule mvumo uliowashtua wageni, ametema na kusema neno. Akisema "ipite", ilipita. Akisema "irudi", hata meneja hakuthubutu kubisha. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limesahaulika siku nyingi. Wakubwa kwa wadogo walimwita Majani, naye aliliitikia kwa shingo iliyonyooka, kana kwamba ni cheo.

Lakini moyo wake hasa ulikuwa nyumbani, kwenye meza iliyokaa chini ya dirisha la sebule. Hapo alipanga mikebe ya chai yake mwenyewe, majani mazima yasiyosagwa, aliyoyachanganya na matunda aliyokausha kwa mkono wake: vipande vya embe, maganda ya chungwa, nanasi, pasheni, ndimu. Kila Jumamosi alasiri alichemsha maji, akaonja, akatoa alama kati ya kumi, akamwaga, akachanganya upya. Wiki hii ghala lilikuwa limekubali kuifungasha chai yake ya ndimu na kuiuza ikiwa na jina lake juu ya pakiti. Majani alikuwa akitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Mwenzake wa kuonja alikuwa kijana aliyeitwa Miwani kwa ajili ya kazi yake.

Walikutana dukani kwake, alikokuwa akipima watu macho na kutengeneza miwani, mtaa mmoja kutoka ghalani. Majani alikwenda kwa sababu maandishi madogo yalikuwa yameanza kumkimbia. Kijana yule mrefu, mwenye sauti ya taratibu, alimpima macho mara mbili, na mara ya pili haikuwa na sababu yoyote ya kitaalamu. Tangu hapo hakukosa Jumamosi hata moja. Mwezi uliopita alikuwa amemwambia waziwazi kwamba anataka kumwoa. Majani alikuwa hajamjibu.

Jumamosi hii aliingia na shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikaweza kukata kidole, na lile tabasamu lililomfanya Majani asahau alichokuwa anatafuta kabatini. Mezani kulikuwa na birika la chai ya nanasi iliyoharibika. Majani alikuwa ameinyanyua ili akaimwage, lakini alipomwona anavua viatu mlangoni, mkono wake ulisita. Kulikuwa na jambo lililomkereketa kwa wiki kadhaa. Miwani hakuwahi kutoa alama chini ya nane, hata siku moja.

"Kaa," akamwambia, akammiminia. "Leo tunaanza na nanasi."

Miwani alichota kijiko akafyonza kama alivyofundishwa, ingawa mfyonzo wake ulikuwa bado wa aibu, kama mtu anayekunywa supu ugenini. Jicho lake la kushoto lilifumba lenyewe. Koo likapanda, likashuka kwa shida. Kisha akatabasamu.

"Mmh! Hii sasa ndiyo yenyewe."

"Alama ngapi?"

"Tisa."

"Tisa?"

Aliona uso wa Majani haujachangamka, akaongeza haraka. "Tisa na nusu. Kumi nakunyima makusudi, usije ukavimba kichwa."

Majani aliweka kijiko chake chini polepole.

"Hiyo chai niliisahau kwenye maji ya moto nilipoanza kufagia, nikaja kuikumbuka nimeshapiga deki nyumba nzima. Nanasi lenyewe lilikuwa limeanza kuchacha. Hata inzi akitumbukia humo atajuta. Na wewe umeipa tisa na nusu."

Miwani alicheka kidogo, akaona Majani hacheki naye, akaacha. "Mpenzi, ni chai tu."

"Rudia."

"Nilitaka kusema..."

"Nimekusikia ulichosema. Chai tu." Majani alisimama. "Hiki ndicho ninachokijua duniani, Miwani. Wengine wamejaliwa sauti, wengine sura. Mimi nimejaliwa ulimi. Ninapokuuliza alama sikuombi busu. Nakuuliza ukweli. Hizo nane na tisa zako zote, ipi ilikuwa ya kweli?"

"Nyingi zilikuwa za kweli."

"Nyingi!"

"Nilitaka ufurahi. Nikikuona umefurahi, mimi wiki yangu imeisha vizuri. Kuna kosa gani hapo?"

Majani alimwangalia. Macho yale ya Miwani, mapole, yenye kope ndefu kuliko haki ya mwanamume, ndiyo yaliyokuwa yamemtoa katika ukimya wake wa miaka. Akatamani ayaamini. Lakini alishawahi kuyaamini macho mengine.

"Nilikuwa na mume," alisema kwa sauti ya chini. "Hilo unalijua. Usilolijua ni hili. Kila nilichokifanya alisema kizuri. Pazia, zuri. Gauni, zuri. Nikajiona nimeokota dodo. Siku alipofungasha nguo zake ndipo aliponiambia kuwa hakupenda hata kimoja, alikuwa anakwepa maneno. Miaka yote ile nilikuwa naishi na sifa za uongo ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Sitaki kurudi huko. Bora mtu aniambie nimeharibu, nijue yupo."

"Mimi si yeye."

"Haya, nionyeshe. Nyumbani kwenu umewaambia nini kuhusu mimi?"

Miwani alivua miwani yake akaanza kuifuta kwa ncha ya shati. Haikuwa na vumbi.

"Nilimwambia mama kwamba wewe ni rika langu."

"Nakuzidi miaka mitano. Endelea."

"Na kwamba..." Alizidi kuifuta miwani. "Kwamba hujawahi kuolewa."

Majani hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Kwa hiyo umenibandika lebo ya mkebe mwingine," alisema. "Mimi huyu, jinsi nilivyo, ulinionea haya."

"Si haya! Mama yangu humjui. Yule hana dogo. Nilisema kwanza akuone, akuzoee, halafu..."

"Halafu nani amwambie? Mimi, siku ya harusi?"

Hakupata nafasi ya kujibu. Mlango uligongwa mara tatu, kwa nguvu na kwa mpangilio, kama unavyogongwa na mtu ambaye maisha yake yote amekuwa akifunguliwa. Miwani alibadilika rangi.

"Huo ugongaji," alinong'ona, "ni wa mama."

Majani alijipangusa mikono, akainua shingo, akaenda kufungua.

Mlangoni alisimama mama mmoja mwembamba, amenyooka kama rula, mkoba umebanwa kwapani. Alikuwa mwalimu mkuu kwa nusu ya maisha yake kabla ya kustaafu, na ustaafu haukumwondolea kitu. Aliangalia mlango, akaangalia sakafu iliyong'aa, ndipo akamwangalia mwenye nyumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekwenda dukani kwa mwanangu nikaambiwa Jumamosi huwa hapa. Kila siku ananiambia atakuleta, na kila siku ana udhuru. Nikaona miguu bado ninayo, nije mwenyewe." Akamwona mwanawe nyuma. "Na wewe funga mdomo, utaingia nzi."

"Karibu ndani, mama."

Aliketi kwenye ukingo wa kiti, bila kuegemea. "Kwa hiyo wewe ndiye binti ambaye hajawahi kuolewa."

Miwani alimtazama Majani kwa macho ya kuomba, yale yale aliyoyapenda, na kwa mara ya kwanza hayakumlainisha. Ingekuwa rahisi kuitika. Neno moja tu, "ndiyo, mama," na alasiri ingeendelea kwa amani.

"Hapana, mama," alisema Majani. "Niliolewa, nikaachika. Sina mtoto. Na mwanao namzidi miaka mitano. Alichokuambia si kweli, nami nimekijua sasa hivi, kabla hujagonga."

Mama mtu aligeuza kichwa taratibu kumwelekea mwanawe. "Ni kweli?"

"Mama, nilitaka..."

"Nimeuliza ni kweli au si kweli. Sikukuuliza ulitaka nini."

"Ni kweli."

Mama akashika mkoba wake. Ilionekana wazi kwamba anataka kuondoka, lakini hasira ilikuwa imemkausha koo, na mbele yake kulikuwa na kikombe cha nanasi alichomiminiwa Miwani. Akakinyanyua akapiga funda kubwa kabla Majani hajawahi kumzuia.

Kilichofuata hakikuwa cha heshima. Mama alikunja uso wote, akatafuta pa kutema, asipate, akameza kwa mateso.

"Hiki ni nini?" alifoka. "Mnanipa dawa ya minyoo? Nanasi limechacha na majani yamekaa mpaka yamelia! Mtu mwenye akili zake anamwekea mgeni kitu kama hiki?"

Majani alikodoa macho. Halafu, bila kutaka, akacheka. Kicheko kilimtoka tumboni, kirefu, mpaka akalazimika kushika ukingo wa meza.

"Unanicheka?"

"La, mama, nisamehe! Mwanao ameipa tisa na nusu."

"Nani? Huyu?" Mama alimwangalia mwanawe kama alivyokuwa akiwaangalia waliopata sifuri. "Hii ni moja. Na hiyo moja ni ya maji."

"Ndivyo ninavyosema mimi!" Majani alikuwa ameshainuka, anasuuza vikombe vyeupe, anafungua mikebe. Alisahau kwamba alikuwa na hasira. Kitu fulani ndani yake, kilichokuwa na njaa kwa miaka mingi, kilikuwa kimenusa chakula. "Mama, tafadhali, usiondoke na ladha hiyo mdomoni. Onja hii ya embe. Niambie bila kunionea haya."

"Mimi sijui kuoneana haya."

Alionja. Alizungusha ulimi mdomoni.

"Tano."

"Kwa nini tano?"

"Embe linapiga kelele. Nanywa embe, siioni chai. Kama ningetaka embe ningelimenya."

Majani alipiga meza kwa kiganja. "Wiki tatu nahangaika na hiyo chai! Nilijua kuna kitu kinazidi, nikadhani ni sukari ya tunda. Kumbe ni wingi wake. Nipunguze nusu?"

"Punguza zaidi ya nusu. Hiyo nyingine ni nini?"

"Pasheni."

Majani alimmiminia nusu kikombe, naye mama akainusa kwanza. Safari hii alisahau kukaa ukingoni. Mgongo wake uliegemea kiti. Alifyonza, na mfyonzo wake haukuwa na aibu hata chembe. Miwani alisimama kando akiwatazama wanawake wawili aliokuwa akiwaficha wasionane, vichwa vyao vimekaribiana juu ya kikombe kimoja, akawa hajui pa kuiweka mikono yake.

"Saba," mama alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Katika maisha yangu ya ualimu, saba yangu watu walikuwa wakiipeleka nyumbani kuionyesha." Akaweka kikombe. Uso ukajifunga tena. "Ulimi unao, binti. Hilo silibishi. Ila chai ni chai na ndoa ni ndoa. Huyu ni mwanangu wa pekee. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, nimemlea kwa mikono hii miwili. Sikumlea ili aje kuokota nyumba iliyovunjwa na mwingine."

Majani alihisi maneno yale yakimpiga, akayaacha yapige. Akakunja kitambaa cha mezani, akakiweka, akainua uso.

"Mama, mimi nyumba yangu haikuvunjika. Ni hii uliyokaa ndani yake. Aliyeondoka ni mtu. Kazi ninayo, jina ninalo, na usiku nalala usingizi. Sikumwendea mwanao kumwomba anioe. Yeye ndiye aliyeniomba mimi, na mpaka saa hii sijamjibu. Kwa hiyo kama umekuja kunikataza, umekuja kumkataza mtu ambaye bado hajakubali."

Mama alimtazama. Hakuzoea kujibiwa, wala hakuzoea kujibiwa kwa adabu namna ile. Kulikuwa na kitu machoni mwake ambacho angekikana kama angeulizwa.

"Na wewe?" alimgeukia mwanawe. "Kwa nini ulinidanganya? Lini nimekufundisha uongo?"

Miwani alivuta pumzi. Aliweka miwani yake usoni, akaisukuma vizuri puani, na sauti yake ilipotoka haikuwa ya taratibu kama kawaida.

"Tangu mdogo, mama. Hukunifundisha, lakini ndipo nilipojifunzia. Nikileta nane unauliza mbili ziko wapi. Nikisema nimechoka, unaniambia nitachoka nikiwa mkubwa. Nikaona njia ya kuishi na wewe ni kukuambia unachopenda kusikia. Nikazoea. Nikawaambia hivyo watu wote, mpaka huyu. Na huyu ndiye mtu pekee ambaye sikutaka kumpoteza."

Vidole vya mama vilishika kamba ya mkoba, vikaiachia. Kwa muda mfupi alionekana mzee.

"Hukuwahi kuniambia hili," alisema.

"Ningekuambiaje?"

"Ningekusikia." Akafikiri. Kama mtu mwaminifu, akajisahihisha. "Pengine nisingekusikia."

Miwani alimgeukia Majani. "Na wewe, unataka ukweli? Ile chai yako ya ndimu siipendi. Siipendi tangu siku ya kwanza. Inanikwaruza koo, nikiinywa nakumbuka sabuni. Nilikupa tisa na naiombea heri, lakini kama ni mimi, ningeipa nne."

Ilikuwa kama amechomwa sindano. Chai ya ndimu! Ile ambayo ghala zima liliipigia makofi, ile itakayobeba jina lake! Majani alishika kiuno.

"Nne? Ndimu yangu? Wewe uliyeipa tisa na nusu maji ya kuoshea sufuria?"

"Nne," alisema Miwani. Alikuwa anatetemeka, lakini hakurudi nyuma. "Na nusu sikuongezi. Na wewe nakupenda kama ulivyo, na mwaka uliozaliwa, na ndoa uliyotoka. Nilikosea kukuficha, mama yangu anasikia ninavyosema. Sikukuonea haya. Nilikuwa mwoga, na woga huo leo umenitosha."

Majani alimtazama. Macho yalikuwa yale yale, yenye kope ndefu, lakini sasa kulikuwa na mtu nyuma yake. Alitaka kuitetea ndimu yake mpaka jua lizame, na alitaka kumkumbatia, na hakujua aanze na lipi. Fahari ikamjaa kifuani. Mara hii haikuwa ya ulimi wake wala ya jina kwenye pakiti. Ilikuwa ni fahari ya mwanamume yule anayetetemeka na asiyerudi nyuma.

"Ilete hiyo ndimu," alisema mama.

Ikaletwa. Mama akafyonza, akafumba macho, akafyonza tena.

"Nane," akatamka. "Mwanangu, hapa umechemsha. Hii ndiyo chai. Huna koo la kujua kitu kizuri."

"Nne, mama."

"Nane!"

"Mama, nakuheshimu, ila kwangu ni nne."

Mama alimwangalia mwanawe akimbishia kwa mara ya kwanza tangu alipoanza kutembea, na pembe za mdomo wake zikacheza. Akageuka upande mwingine ili zisionekane.

"Bado sijakubali," alisema, akiwa ametazama dirishani. "Mjue hivyo. Hamjanilainisha kwa vikombe."

"Na mimi nilikuwa sijakubali," alisema Majani. "Mpaka sasa hivi."

Miwani aliinua kichwa.

"Unasema nini?"

"Umeuliza mwezi mzima. Jibu lako ni ndiyo. Na nakujibu mbele ya mama yako, ili kusiwe na neno la kubadilishwa njiani." Kisha akamgeukia mama mkwe wake, wima, mikono imetulia. "Mama, ukitaka kukataa una haki, na nitakuheshimu hata ukikataa. Lakini sitajificha, wala sitajipunguza mwaka mmoja ili unipende."

Miwani alikuwa amefika karibu naye bila kujijua. Vidole vyao vikagusana chini ya ukingo wa meza, vikashikana, na Majani akahisi kiganja chake kina jasho na kina nguvu.

Mama alikagua vikombe vyeupe vilivyotapakaa, mikebe iliyo wazi, mwanawe aliyesimama bila kuomba radhi, na mwanamke yule asiyeinamisha macho. Labda aliona kitu alichokuwa nacho yeye mwenyewe zamani, alipobaki na mtoto mgongoni na watu wakamhesabu amekwisha. Hakuwa mtu wa kusimulia mambo yake.

Aliweka mkoba wake sakafuni, kando ya kiti, kama mtu aliyeamua kukaa. Kisha akasukuma kikombe chake kitupu katikati ya meza.

"Ongeza hiyo ya pasheni, mkwe," alisema. "Na safari hii kijaze, usinipimie nusu."